Mama wa Maziwa wa Plataforma

Watu wa Plataforma, mtaa wa kilimani kando ya ghuba, walizoea kumwona Lindaura dos Anjos akiwa ameinama. Maji ya ghuba yakipwa na matope meusi yakabaki wazi chini ya kiwanda cha zamani cha nguo, yeye alikuwa wa kwanza kushuka, ndoo mkononi, sketi imefungwa kiunoni, na alichokoa kombe, aina ya chaza wa matopeni, mpaka maji yamfukuze. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana mdogo, akaolewa nayo, mume akaondoka, kazi ikabaki. Kwa hiyo siku mguu wake wa kushoto ulipokataa kutoka matopeni, wenzake walicheka.

"Linda, umeota mizizi!"

"Mvuteni jamani, ghuba imeshatoa posa!"

Naye akacheka, akavutwa, akaendelea na kazi. Lakini mguu ule ulikataa tena siku nyingine, kisha wa kulia ukaiga, na baada ya miezi michache akawa anaanguka hata sokoni, penye sakafu kavu. Halafu mkojo ukaanza kumtoroka. Hapo mzaha ukaisha. Aliwaambia wenzake ni baridi yabisi, akawa anavaa vitambaa ndani ya sketi na kutembea nyuma yao, mbali kidogo, kwa hofu ya harufu.

Jina lake mtaani, hata hivyo, halikutokana na kombe. Lilitokana na maziwa. Alipomzaa Genivaldo, mtoto wake wa pekee, maziwa yalimtoka mpaka yakalowesha godoro. Wakati huo huo Creuza, jirani na rafiki yake wa tangu utoto, alikuwa amemzaa Taiane, na yake yaligoma kutoka. Na hata yangetoka, angemnyonyesha saa ngapi? Alitakiwa kurudi kazini kwenye nyumba ya matajiri upande wa pili wa mji, akaogeshe na kulisha watoto wa mtu mwingine. Basi Taiane akaletwa kwa Lindaura asubuhi na kuchukuliwa jioni, akawa ananyonya titi moja huku Genivaldo ananyonya la pili, wakipigana mateke juu ya tumbo lake kama ndugu.

Baada ya Taiane akaja mwingine, na mwingine, mpaka wakafika saba. Mtaa mzima ulikuwa wa wanawake waliopanda kwenda mjini kulea watoto wasio wao, na watoto wao walibaki wakilia. "Mpeleke kwa Linda," watu walisema, kama vile mtu angesema mpeleke dukani. Lindaura hakumkataa yeyote. Wakati fulani alinyonyesha kwa miaka mfululizo bila kuzaa tena, maziwa hayakukauka, na aliona fahari nayo kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho. Na mtaani pale, mtoto uliyemnyonyesha ni mtoto wako. Watoto wale saba walikua, wakaota ndevu, wakaolewa, lakini wakimkuta njiani walisimama.

"Baraka, Mama Linda."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Aliyemjulisha ugonjwa wake alikuwa Daktari Heloísa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, katika hospitali ya utafiti aliyofika baada ya kuzungushwa zahanati moja hadi nyingine.

"Ni kirusi kinachoitwa HTLV," daktari alisema. "Ni ndugu wa mbali wa kile cha Ukimwi, ila tabia zao hazifanani. Hiki kinaingia ndani ya seli za damu na kulala humo maisha yote. Wengi wanazeeka nacho bila kujua. Wachache wanapata saratani ya damu, na wachache, kama wewe, kinawaharibu uti wa mgongo."

"Nimekitoa wapi, daktari? Mimi sikuwa mwanamke wa kuhangaika."

"Sijasema ulikuwa. Labda kwa mama yako. Kinapita kwenye maziwa, hasa mtoto akinyonya muda mrefu."

Lindaura alijikuta amekifunika kifua chake kwa mikono, kana kwamba kuna mtu amefungua mlango akiwa anaoga.

"Wewe ulinyonyesha watoto wangapi?"

"Mmoja," akasema. "Nina mmoja tu."

Neno lilitoka kabla hajalifikiria, na likishatoka likawa na uzito wake. Genivaldo akaitwa, akapimwa, akakutwa nacho. Alikuwa mwanamume mzima, dereva wa pikipiki ya abiria, mwenye mapaja kama magogo, na daktari alimwambia kuna uwezekano mkubwa hataugua kamwe. Genivaldo aliinua mabega tu. Lakini walipofika nje, chini ya jua, alimgeukia mama yake.

"Mama, kwa nini umesema mmoja?"

"Niliulizwa watoto wangu."

"Uliulizwa uliowanyonyesha."

"Washa pikipiki, Vado."

Ugonjwa wa miguu ile haukuwa na dawa ya kuuondoa. Kulikuwa na vidonge vya kulegeza misuli, kulikuwa na mazoezi, kulikuwa na bomba la kukojolea. Ndiyo maana Daktari Heloísa alipomwita tena na kumweleza habari ya majaribio, Lindaura alisikiliza kama mtu anayesomewa rufaa yake.

Daktari alieleza polepole. Wangechukua kirusi kingine kabisa, kilichong'olewa meno, kisichoweza kumdhuru mtu, na kukibebesha jeni moja, yaani amri moja fupi. Kirusi hicho mbebaji kingeingia kwenye seli zake nyingi, nzima na mbovu. Katika seli nzima amri ingekaa kimya milele. Lakini ndani ya seli yenye HTLV, kirusi chenyewe kikianza kuzungumza, ndicho kingeiamsha amri ile. Na amri ikiamka, seli hiyo ingeanza kutengeneza kitu kinachogeuza kidonge cha kawaida kuwa sumu.

"Kwa hiyo nikimeza kidonge..."

"Seli yenye kirusi inakufa kwa sumu iliyoipika yenyewe. Jirani yake asiye na kirusi haguswi."

"Na kirusi kinajisaliti chenyewe."

"Ndivyo tunavyotarajia. Dona Lindaura, usikie vizuri: sijasema nitakuponya. Ni majaribio. Mko wachache sana, na hatujui."

Lakini Lindaura alikuwa ameshaacha kusikia. Alikuwa amesikia neno moja tu, kufa, na safari hii anayekufa hakuwa yeye. Njia nzima alikaa nyuma ya pikipiki ya mwanawe akiona ndani ya mwili wake zile seli zikianguka moja moja, mpaka damu ikawa safi kama ya mtoto. Na kama damu yake ingeweza kusafishwa, basi na ya wengine ingeweza. Hapo ndipo shauri lake lilipozaliwa. Angenyamaza kwanza. Angepona. Kisha angeenda kwa Taiane na wale wengine akiwa anatembea kwa miguu yake, aseme: nilikupeni kitu hiki bila kujua, na dawa yake hii hapa. Kupeleka ugonjwa mtupu kwenye nyumba ya mtu aliona ni ukatili. Ni mtu aliyepewa sifa moja tu katika maisha yake yote ndiye angeweza kufikiri hivyo, na kuona kwamba anafikiri vizuri.

Taiane alikuwa na mimba ya kwanza. Alikuja kuonyesha tumbo lake, akacheka, akaomba baraka, akaketi kitandani kwa Lindaura na kumkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Alifanya kazi ya kusuka nywele na hakuwa na subira na mtu yeyote isipokuwa mama huyu wa maziwa.

"Wamekupima vizuri kliniki?" Lindaura aliuliza.

"Wamenipima kila kitu. Kaswende, Ukimwi, homa ya ini, sukari. Kuna kimoja waliniambia vifaa vimekwisha, nirudi."

"Kipi hicho?"

"Nitakumbuka basi? Herufi herufi tu. Nilirudi mara mbili, havikuwepo, nikaacha."

Lindaura aliutazama mguu wake mikononi mwa msichana yule. Kulikuwa na upenyo pale, mpana kama mlango. Akasema, "Mafuta yametosha, mwanangu, utachoka."

Genivaldo aliyekuwa barazani akifunga mnyororo wa pikipiki alisikia yote. Taiane alipoondoka aliingia ndani, mikono imejaa grisi.

"Mwambie."

"Nitamwambia nikipona."

"Na usipopona?"

"Unanitakia mabaya?"

"Namtakia mema dada yangu! Tumenyonya pamoja, mama. Mimi ninacho. Yeye kwa nini asiwe nacho?"

"Wewe ulinyonya zaidi."

"Tulinyonya sawa. Wewe mwenyewe unasema kila siku ya sikukuu, mbele ya watu, kwamba tulinyonya sawa mpaka tukang'atana!"

Lindaura alilia. Hakulia kwa ujanja, lakini machozi yalifanya kazi ya ujanja. Alimwambia mwanawe kwamba akimwambia Taiane kabla ya wakati, basi ajue amemzika mama yake akiwa hai, kwa sababu mtaa huu utamtupa kama maji ya kuoshea samaki. Genivaldo akafuta grisi kwenye suruali na kutoka. Hakusema kitu kwa mtu. Hilo nalo baadaye lilikuwa lake kulibeba.

Lindaura alitiwa dawa ile kwenye mshipa wa mkono katika chumba chenye ubaridi, siku chache baadaye akaanza vidonge. Alipata homa kali, akatapika, akaona mifupa inamuuma kama inayosagwa, na akafurahi. Kila maumivu aliyahesabu kuwa maiti ya adui. Kisha daktari akamwita, na kwa mara ya kwanza alimwona akitabasamu mpaka meno ya nyuma: seli zenye kirusi zilikuwa zimepungua sana, kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote. Miguu yake iliyokuwa imekakamaa nayo ililegea kidogo. Magongo mawili aliyokuwa ameanza kutembelea akayapunguza, akatumia moja.

Kwa gongo hilo moja alipanda ngazi za mtaa kwenda kumwona mtoto wa Taiane aliyekuwa ameshazaliwa, msichana, wakamwita Moema.

Creuza alimpokea mlangoni kwa makelele. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, aliyestaafu kazi za ndani akiwa na magoti mabovu na ulimi mzima.

"Ameamka kutoka kwa wafu! Mnamwona? Shoga, hilo gongo ni la kutembelea au la kutafutia mume?"

"La kukupigia wewe."

"Ingia, ingia. Nimepika uji wa mahindi na nazi, tena sijauunguza."

Taiane alikuwa ameketi karibu na dirisha na mtoto kifuani. Mtoto alinyonya kwa pupa, ngumi imekunjwa, akipumua kwa kelele puani. Maziwa yalikuwa yanamtiririka shavuni.

"Tazama mambo hayo!" Creuza alisema kwa fahari. "Mimi nilikuwa mkavu kama ukuta. Sasa haya katoa wapi? Kwako, Linda. Hayo ni maziwa yako, yamepita kwake tu, yanaendelea na safari."

Lindaura aliketi. Uji uliwekwa mbele yake. Alitazama mdomo wa mtoto ukivuta, ukiachia, ukivuta. Majibu ya mwisho yangetoka hivi karibuni, na kwa hali ilivyokuwa yangekuwa mazuri. Ni muda mfupi tu. Akatafuta njia ya tatu, njia ya waoga.

"Taiane, mwanangu," akasema, "siku hizi wanasema ya kopo ni bora. Yana madini. Kwa nini usimpe chupa?"

Creuza akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Chupa! Jamani, padri anawaambia watu wasije misani! Wewe, Linda? Wewe uliyeninyang'anya chupa mkononi ukaitupa nje?"

"Mambo yamebadilika."

"Kilichobadilika ni dawa zimekupanda kichwani. Kunywa uji."

Taiane hakucheka. Alimtazama kwa macho ya huruma. "Umechoka, Mama Linda. Mbariki mtoto, Vado akurudishe ukalale."

Lindaura akamaliza uji, akambariki mtoto. Genivaldo alikuwa akimngoja chini ya ngazi, injini inawaka.

"Umemwambia?"

"Majibu yakitoka."

"Majibu yakitoka atakuwa ameshanyonya ghuba nzima," Genivaldo alisema, akaondoa pikipiki.

Majibu yalitoka Moema alipokuwa ameanza kucheka na watu. Lindaura aliingia kwa Daktari Heloísa akiwa ameshika magongo mawili tena, kwani wiki zile miguu ilikuwa imezidi kukakamaa, na yeye alijiambia ni uchovu wa ngazi. Daktari hakutabasamu.

"Kirusi kimerudi, Dona Lindaura. Kipo karibu na pale kilipokuwa mwanzo."

"Si kilikufa?"

"Zilikufa seli zile ambazo kirusi kilikuwa kinazungumza ndani yake. Amri yetu inaamshwa na kirusi kikiwa macho. Lakini katika seli nyingi kimelala usingizi mzito. Hakisemi neno. Amri haikuamka, kidonge hakikuwa sumu, seli ikapona. Kisha zikaanza kuzaana."

Lindaura alifikiri. "Kama kombe jikoni. Zinazofunguka unazila, zinazogoma kufunguka unazitupa."

"Laiti tungeweza kuzitupa," daktari alisema. "Hizi hatuwezi hata kuzitambua. Kuna wenzetu wanatafuta namna ya kukiamsha kwanza, ndipo kipigwe. Inawezekana. Lakini haipo leo, na kama itakuwepo, siwezi kukuahidi mwaka."

"Kwa hiyo hata ningengoja..."

"Ungengoja nini?"

Dirishani kulikuwa na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye beseni. Lindaura alisikiliza matone yale. Mlango wake wa kutokea ulikuwa umefungwa sasa, na kwa kuwa umefungwa, akaweza kusema.

"Daktari, nilinyonyesha wengine. Saba. Watoto wa majirani. Mmoja wao amejifungua, naye ananyonyesha."

Daktari Heloísa aliondoa miwani yake.

"Tangu lini unajua kwamba alikuwa mjamzito?"

"Kabla hujanitia dawa."

"Ungeniambia siku ile ningempima siku ile. Kama anacho, tungezuia maziwa tangu saa ya kuzaliwa, mtoto angepata ya kopo bure. Hiyo haihitaji majaribio! Haihitaji mimi! Kila wiki anayonyonya hatari inapanda, unanielewa?"

"Alienda kliniki," Lindaura alisema polepole. "Alirudi mara mbili. Walimwambia vifaa vimekwisha."

Daktari akavaa miwani yake tena.

Katika jengo lile kulikuwa na mashine inayoweza kutafuta seli moja mbovu kati ya maelfu na kuisomea hukumu ya kifo bila kumgusa jirani yake. Kulikuwa na watu waliovuka bahari kuja kuiangalia. Na juu kilimani, kwa mwendo mfupi wa pikipiki, kulikuwa na kliniki iliyokosa kipimo cha tone moja la damu, kwa sababu ugonjwa wa watu weusi maskini wanaochokoa kombe haukuwa na haraka kwa mtu yeyote. Damu ya Lindaura ilikuwa na thamani mradi ilikuwa mpya kwa sayansi. Ya Taiane ilikuwa damu tu. Uongo wa mwanamke mmoja ulipoteza muda. Lakini ulipata mahali pa kukaa kwa sababu mahali hapo palikuwa pameachwa wazi.

"Mlete leo," daktari alisema hatimaye. "Siyo kesho."

Creuza alikuwa anapeta maharagwe Genivaldo alipomwingiza mama yake ndani akimshika makwapa. Taiane alikuwa amesimama, mtoto begani, akimpigapiga mgongo.

"Leo hata gongo la kunipigia huna nguvu nalo?" Creuza alianza, kisha akaona uso. "Kuna nini? Nani amekufa?"

Lindaura hakukubali kuketi. Alishika kingo za meza akasema yote akiwa amesimama: jina la kirusi, miguu, maziwa, Genivaldo, majaribio, na kwamba Taiane huenda anacho, na kama anacho anampa mtoto. Alisema bila kupumzika, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Alipomaliza Taiane alikuwa amemshusha mtoto kutoka begani na kumshika mbali na mwili wake, mikono imenyooka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Mtoto alicheka, akidhani ni mchezo.

"Creuza, sikujua," Lindaura alisema. "Wakati ule hakuna aliyejua. Ningejua ningekata matiti yangu."

Creuza aliweka ungo chini. Hakupiga kelele, yeye aliyekuwa akipiga kelele hata akisali.

"Wakati ule hukujua. Sawa. Wakati ule mimi ndiye niliyekuletea mtoto, nikakushukuru kwa magoti. Nakuuliza siku uliyokunywa uji wangu hapa. Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanywa."

"Nilikuwa nangoja nipone, nije na dawa..."

"Ukambariki mtoto, ukanywa, ukaondoka."

"Nilimwambia ampe chupa!"

"Nami nikacheka," Creuza alisema. "Ukaniacha nicheke."

Taiane alimgeukia Genivaldo. "Na wewe? Ulijua?"

Genivaldo aliangalia viatu vyake. Taiane alimpa Creuza mtoto, akavaa kandambili, akasema, "Twendeni nikapimwe," na akawapita mlangoni bila kumgusa mtu.

Alikuwa nacho. Daktari Heloísa alimwambia jioni ile ile, akarudia kipimo kwa njia nyingine kuwa na uhakika, na jibu likawa lile lile. Kuhusu Moema hakuweza kusema. Damu ya mtoto mchanga bado ina kinga za mama yake, na hata kipimo cha kukitafuta kirusi chenyewe kinaweza kukikosa kikiwa kichache. Itabidi kusubiri, kupima, na kupima tena, mpaka atakapokuwa anatembea na zaidi. Taiane aliuliza kama naye anaweza kuingizwa kwenye majaribio. Daktari akamjibu kwamba majaribio ni kwa wanaougua, naye hajaugua. "Kwa hiyo nirudi nikilemaa," Taiane alisema.

Habari ilishuka ngazi za mtaa kabla yao. Asubuhi iliyofuata wanawake wa kombe walipita mbele ya nyumba ya Lindaura wakielekea matopeni, na hakuna aliyeita. Yeye akamwambia Genivaldo atafute kiti cha magurudumu. Walibaki watoto sita, na nyumba zao alizijua zote. Katika nyumba ya kwanza mwanamume aliyewahi kunyonya kwake alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa sauti kavu, akafunga mlango taratibu. Katika ya pili mke wa mwanawe wa maziwa alimmwagia maji. Ya tatu walikuwa wameshaambiwa, na hawakufungua, ingawa redio ilikuwa inasikika ndani. Genivaldo alisukuma kiti. Katika nyumba ya nne mwanamke mjamzito, naye mtoto wa maziwa yake, alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, akauliza hospitali iko wapi na kama anaweza kwenda sasa hivi. Genivaldo alimpeleka kwa pikipiki, Lindaura akabaki peke yake kwenye kiti chake katikati ya njia, jua linamchoma, watoto wakimtazama kutoka mbali kwa kuwa wameambiwa wasimkaribie.

Waliporudi nyumbani walimkuta Taiane ameketi kwenye kizingiti. Uso wake ulikuwa unawaka kwa homa na blauzi yake imelowa mbele. Hakuomba baraka, hakusimama.

"Yamejaa," akasema. "Siwezi kushusha mikono. Mtoto anakataa chupa, analia, nikimsikia yanamwagika. Mama yangu hajui la kufanya, yeye hakuwa nayo."

"Uliyakamua?"

"Nimeyakamua kwenye sinki. Yanarudi."

"Usikamue mengi. Ukikamua mengi yanadhani mtoto anataka. Toa kidogo tu ya kukupumzisha." Lindaura aliongea akiwa anaogopa sauti yake mwenyewe. "Ingia ndani. Vado, niletee majani ya kabichi yaliyo baridi, na lile shuka la zamani, lipasue kwa urefu, tumfunge kifua yakauke."

Taiane aliingia. Alivua blauzi akiwa amempa mgongo, kisha akageuka kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Matiti yalikuwa magumu, yenye mishipa ya buluu, yanang'aa. Lindaura, kutoka kwenye kiti chake, aliyapanga majani juu yake kwa vidole vya mtu aliyeijua kazi hiyo. Maziwa yalimdondokea mkononi, ya uvuguvugu. Hakuthubutu kuyafuta. Alilizungusha shuka mara ya kwanza, ya pili, akivuta kila mzunguko kwa nguvu zote alizobakiza mikononi, huku Taiane ameukazia macho ukuta ulio nyuma ya Lindaura. Juu kilimani, nyumba ya Creuza, mtoto alikuwa analia, na wote wawili walimsikia.

"Inauma?" Lindaura aliuliza.

"Kaza zaidi," Taiane alisema.